Je, Mkristo yuko huru kufanya apendavyo?

Kuna swali ambalo vijana hawachoki kuuliza, hasa wale ambao wametoka juzi tu chini ya mbawa za wazazi na kuingia chuoni. Huuliza hivi: Ikiwa Kristo alituweka huru kama tunavyoimba kila Jumapili, mbona kanisani kuna makatazo mengi kuliko hata shule ya bweni? Usivae hiki, usile kile, usisikilize muziki ule, usionekane na fulani. Wazazi nao wana lao. Ikiwa huyu mtoto ameokoka jinsi anavyodai, mbona uhuru wenyewe anautumia kukesha na simu hadi saa nane za usiku kisha kuamka adhuhuri?

Maswali haya yanaonekana kuvutana, lakini ukiyatazama kwa makini utaona yamepakuliwa kutoka chungu kimoja. Kijana na mzazi wote wanachukulia kuwa uhuru ni ukubwa wa ua ambamo mtu amewekwa. Kijana anataka ua upanuliwe, mzazi anataka upunguzwe. Hakuna anayeuliza aliyemo uani ni mtu wa aina gani.

Kabla hatujafungua Biblia, hebu tuisikilize lugha yetu wenyewe, maana Kiswahili kimeishi na utumwa kwa muda mrefu na hakijasahau. Chukua neno mwungwana. Leo ukimwita mtu mwungwana unamaanisha kuwa ana adabu, anajua kusema na watu. Lakini zamani, katika miji ya pwani kama Mombasa na Lamu, mwungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, asiyemilikiwa na mtu mwingine. Bila shaka kulikuwa na majivuno ndani yake, kwani waliojiita hivyo walijisifu mbele ya watumwa wao. Hata hivyo, neno lenyewe limetufunza jambo. Mtu huru alitarajiwa kutimiza ahadi na kujizuia pale ambapo hakuna wa kumzuia. Ndiyo maana wahenga wakasema uungwana ni vitendo. Hawakusema uungwana ni cheti.

Chukua pia neno kukomboa. Leo tunalisikia zaidi kanisani, ilhali ni neno la biashara. Ukiweka saa yako rehani, kisha ukalipa deni na kuichukua, umeikomboa. Na mtumwa alikombolewa hivyo hivyo, kwa fedha zilizohesabiwa. Kwa hivyo mhubiri anaposema kuwa tumekombolewa, anasema kuna mtu aliyelipa na kuna deni ambalo halidaiwi tena.

Halafu kuna mtumwa na mtume, maneno mawili yaliyozaliwa na kitenzi kimoja, kutuma. Mtume Paulo, anapoanza barua yake kwa Warumi, anajiita yote mawili katika sentensi moja. Katika Kigiriki alichokiandika, maneno hayo hayana undugu wowote. Ni Kiswahili kilichoyaweka karibu hivyo. Wote wawili hutumwa. Mmoja hutumwa kwa sababu hana la kufanya, mwingine huenda kwa sababu amempenda aliyemtuma. Ukiwaona njiani wakiwa wamejitwika mizigo, huenda usijue nani ni nani.

Sasa twende Rabai, kwenye vilima vilivyo nyuma ya mji wa Mombasa, kwa kuwa mambo haya hayakubaki kuwa ya kamusi tu. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na chama cha CMS cha Uingereza, alifika Mombasa mwaka wa 1844. Miaka miwili baadaye, yeye na mwenzake Johannes Rebmann wakaweka kituo Rabai. Mnamo 1873, baada ya Sir Bartle Frere kutumwa Zanzibar na serikali ya Uingereza, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Biashara ilipigwa marufuku, lakini si utumwa wenyewe. Huku kwetu pwani, mtu aliendelea kumiliki mtu mwingine kisheria hadi mwaka wa 1907.

Watu waliookolewa kutoka majahazini na manowari za Waingereza walihitaji mahali pa kukaa. Mwaka wa 1875 CMS ikaanzisha kijiji cha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kikapewa jina la yule Frere. Ukipita Nyali leo utaikuta kengele yake bado ipo, na ndiyo iliyolipa eneo la Kengeleni jina. Watoto wa shule hupelekwa kuiona na kuambiwa kuwa ni kengele ya uhuru, na ni kweli.

Lakini kuna upande ambao watoto hawaelezwi sana. Kengele hiyo pia ndiyo iliyowaita watu kazini, shuleni na kwenye ibada. Waliofika pale walitoka katika mikono ya wafanyabiashara wa watumwa na kuingia katika mikono ya wasimamizi waliodhani wanajua kila kitu ambacho mtu huru anapaswa kufanya, na saa ya kukifanya. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 malalamiko kuhusu viboko na vifungo katika kijiji hicho yalifika mbali, hata chama chenyewe kikalazimika kuchunguza. Hebu fikiria, msomaji. Mtu ameokolewa kutoka kwa kiboko cha bwana, akasomewa habari za Kristo aliyewafungua wafungwa, kisha akachapwa na waliomsomea.

Sisemi haya ili kuwadharau wamisionari. Wengi wao walikufa kwa homa wakiwa vijana, na bila wao watu wengi wangalikufa watumwa. Nayasema kwa sababu kosa lile lingali hai katika nyumba zetu na makanisa yetu. Ni rahisi sana kumfungua mtu kisha ukajiteua kuwa bwana wake mpya.

Kule Rabai mambo yalienda njia nyingine. Kwa miaka kadhaa msimamizi wa kituo alikuwa William Jones, Mwafrika ambaye utotoni alikuwa mtumwa, akaokolewa na kusomeshwa India, kisha akarudi pwani yetu kama mhubiri. Mwaka wa 1885 Askofu James Hannington alimpa ushemasi pamoja na mwenzake Ishmael Semler. Mwaka huo huo Jones alifuatana na askofu katika safari ya Uganda, askofu akauawa huko Busoga, na Jones ndiye aliyewarudisha Rabai wapagazi waliosalia.

Watoro walikuwa wakimiminika Rabai. Hawa hawakuokolewa na manowari yoyote. Walitoroka wenyewe kutoka mashamba ya pwani usiku, kwa miguu. Rasmi, vituo vya misheni havikuruhusiwa kuwapokea, kwani mabwana zao walikuwa na haki ya kisheria ya kuwadai na wamisionari hawakutaka vita. Lakini mtu aliyewahi kuwa mtumwa angewezaje kumfungia mlango mtumwa aliyebisha hodi? Watoro wakakaa, wakalima, wakajenga, wakaoa. Kufikia 1888 idadi yao katika vituo vya misheni ilikuwa imepita 1,400, na mabwana wa Mombasa walikuwa wamewaka hasira. George Mackenzie, wakala wa kampuni ya Waingereza iliyokuja kutawala pwani wakati huo, akaona kuwa damu itamwagika. Akafanya mapatano na mabwana kuwa kila mtoro alipiwe fedha, na tarehe 1 Januari 1889, huko Rabai, watu hao wakapewa hati za uhuru.

Ningependa tuifikirie tarehe 2 Januari. Yule mtoro wa jana anaamka. Kibanda ni kile kile. Jembe ni lile lile, na mahindi hayajui kuwa mwenye shamba ana hati. Hata jirani msumbufu bado yupo. Kama ungepita na kumtazama akilima, usingeona tofauti na wiki iliyotangulia. Ila tofauti ipo. Wiki iliyotangulia, kila aliposikia miguu ya watu njiani aliinua kichwa. Leo haihitaji tena kuitazama njia.

Hilo ndilo jambo ambalo Paulo alikuwa akilipigania alipowaandikia Wakristo wa Galatia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Uturuki. Watu hawa walikuwa wamemwamini Kristo, wakafurahi, wakatulia. Kisha wakaja walimu wengine wakawaambia kuwa imani haitoshi. Ni lazima watahiriwe na washike torati ya Musa, la sivyo wokovu wao una kasoro. Wagalatia wakaanza tena kuitazama njia. Katika sura ya tano Paulo anawasihi wasikubali kurudishwa chini ya nira, kisha aya chache baadaye anageuka na kuwaonya wasiufanye uhuru huo kuwa nafasi ya kuufuata mwili, bali kwa upendo watumikiane. Wengi wetu tumekariri nusu moja ya sura hiyo. Vijana wana nusu yao, wazazi wana yao.

Paulo mwenyewe alikuwa kituko kwa wanaopenda kanuni zilizonyooka. Alipokuwa Yerusalemu na Tito, alikatalia mbali Tito asitahiriwe, kwa kuwa waliolidai jambo hilo walilifanya kuwa sharti. Lakini tunasoma katika Matendo ya Mitume kuwa Timotheo alimtahiri, ili Wayahudi waliokuwa katika sehemu zile wasimkatae. Tendo ni moja, uamuzi ni miwili. Mtu wa sheria atauliza, je, kutahiri ni halali au si halali? Paulo alikuwa akiuliza swali jingine: Nani anafaidika, na ninafanya hivi kwa kuogopa au kwa kupenda?

Ndiyo maana alimkemea hata Petro mbele za watu huko Antiokia. Petro alikuwa akila meza moja na Wakristo wasiokuwa Wayahudi. Walipokuja watu fulani kutoka Yerusalemu, akaondoka mezani polepole. Hakuna aliyemfunga kamba. Alijifunga kwa kuogopa watu watasema nini. Na sisi je? Ni wangapi ambao wamechukua mkopo wa harusi au wa matanga wasioweza kuulipa, kwa sababu ya kuogopa watu watasema nini?

Tuwatazame vijana wetu kwanza. Mwanafunzi amefika Nairobi au Eldoret, ana chumba chake na hela za mkopo wa serikali zimeingia. Hakuna mama wa kuuliza amerudi saa ngapi. Anasema: Sasa niko huru. Mwezi wa kwanza anabahatisha matokeo ya mechi kwa shilingi hamsini. Mwezi wa tatu karo imeliwa na amekopa kwenye simu ili arudishe alichopoteza. Akilala, simu iko chini ya mto. Ikilia usiku, moyo unamruka, kwani huenda ni wale wadai. Mwulize kama yuko huru naye atakuambia ndiyo, maana hakuna aliyemlazimisha. Nami namwambia kwa upendo kwamba yeye ndiye anayeitazama njia kuliko yule mtoro wa Rabai. Hana bwana anayeonekana, na kwa sababu hiyo hajui hata amtoroke nani.

Lakini wazee wasikimbilie kushangilia, kwani kuna utumwa unaoketi kiti cha mbele kanisani ukiwa umevaa suti. Kuna waumini ambao wameambiwa kuwa wakikosa kutoa sadaka fulani laana ya ukoo itawarudia. Kuna mama anayenyima watoto maziwa ili apeleke bahasha, na si kwa upendo, ni kwa hofu. Anatazama njia kila Jumapili. Kristo aliyeambiwa kuwa alilipa deni lote amegeuzwa kuwa mdai, na mhubiri amekuwa wakala wake wa kukusanya.

Na hofu hiyo ikikua, inaweza kufika mbali kuliko tunavyodhani. Mwezi wa Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, katika kaunti hiyo hiyo ya Kilifi iliyo na Rabai. Miili zaidi ya 400 ilipatikana, mingi ikiwa ya watoto. Ilidaiwa kuwa watu hao walihimizwa wafunge kula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Kesi zilifikishwa mahakamani na ukurasa huu hauna kazi ya kuhukumu. Ninachotaka tukitazame ni hiki: katika kaunti moja, katika jina moja, miaka 134 hivi ikiwa imepita katikati, kuna mahali ambapo watu walikuja na kupewa hati za uhuru, na kuna mahali ambapo watu walikuja wakazikabidhi dhamiri zao kwa mtu mwingine. Wale wa Shakahola hawakuwa wajinga kutushinda. Baadhi yao walikuwa wamesoma na walikuwa na kazi nzuri. Walikuwa wamefunzwa kuwa kuuliza swali ni kumwasi Mungu.

Kwa hivyo, mzazi, mtoto wako anapokuuliza mbona tunafanya hivi, usimfokee. Anajenga kitu ambacho siku moja huenda kikaokoa maisha yake. Mtoto aliyezoea kutii tu atamtii yeyote atakayekuja akiwa na sauti kubwa. Huenda akawa mhubiri, huenda akawa mpenzi, huenda ikawa ni genge la mtaani.

Hapa najua kuna msomaji anayeniuliza, basi tuwaachilie tu? Watoto wa Nairobi hii? La hasha! Mtoto wa miaka saba haulizwi kama angependa kwenda shule. Kengele ina nafasi yake nyumbani, na nyumba isiyo na kengele ni vurugu. Lakini kengele ya nyumbani inapaswa kulia kwa sauti ndogo zaidi kila mwaka, hadi kijana aweze kuamka bila hiyo. Ikiwa ana miaka ishirini na bado ni wewe unayemwamsha aende ibadani, basi hata akienda, aliyekwenda ni wewe.

Jambo hili Paulo alilionyesha vizuri kuliko mahali pengine popote katika barua yake fupi zaidi, ile aliyomwandikia Filemoni. Ni sura moja yenye aya 25, na mnaweza kuisoma yote jioni ya leo kabla chai haijapoa. Onesimo, mtumwa wa Filemoni, alikuwa ametengana na bwana wake, akakutana na Paulo gerezani, akawa Mkristo. Sasa Paulo anamrudisha akiwa na barua mkononi. Kwa karne nyingi wenye watumwa waliipenda barua hii, wakisema: Mnaona, hata Paulo alirudisha watoro. Sijui waliisoma kwa macho gani. Paulo anamwambia Filemoni ampokee Onesimo kama zaidi ya mtumwa, kama ndugu mpendwa, ampokee kama angempokea Paulo mwenyewe. Na ikiwa kuna deni, liandikwe katika hesabu ya Paulo, atalipa yeye. Huko ndiko kukomboa tulikokutaja.

Lakini sehemu ambayo ningewaomba wazazi waisome mara mbili ni pale Paulo anapozungumzia mamlaka yake. Anasema angeweza kumwamuru Filemoni afanye lililo sawa, kwa kuwa ana ujasiri huo. Hafanyi hivyo. Anachagua kumsihi, kwani anataka wema wa Filemoni utoke kwa hiari yake, usiwe wa kulazimishwa. Hebu tafakari hatari aliyojitia. Onesimo anaweza kuchapwa, kupigwa chapa usoni au hata kuuawa, na sheria za Roma hazingemzuia bwana wake. Maisha ya mtu anayemwita mwanawe yapo mezani, na bado Paulo anakataa kulichukua neno lile moja ambalo lingemaliza mambo: nakuamuru.

Kuna mzazi anayesoma haya ambaye mwanawe hajakanyaga kanisani tangu Pasaka, na ambaye ameshika simu akifikiria kumtumia ujumbe wa vitisho kuhusu karo. Anaweza. Karo ni yake na kijana atakuja Jumapili ijayo, ataketi kiti cha nyuma, atasimama wimbo unapoimbwa. Au anaweza kumwandikia kama Paulo alivyomwandikia Filemoni, akamweleza anachokitamani na sababu zake, kisha akauachia mlango wazi na kungoja.

Kungoja huko ni kugumu. Paulo aliongeza ombi la kutayarishiwa chumba cha wageni, maana alitumaini kufunguliwa na kwenda kuwatembelea. Barua inaishia kwenye salamu. Haituambii Filemoni alifanya nini Onesimo alipobisha hodi.